Nadaiwa televisheni nisiyo nayo

Jana niliandika haya kwa hasira. Leo nimeyapunguza makali kidogo, si sana.

Barua ilinidai euro 136 na senti 52. Za nini? Za redio na televisheni. Njooni basi mkague chumba changu hapa Leipzig: kitanda, meza, kompyuta, sufuria mbili na mwiko niliotoka nao Morogoro. Hiyo televisheni iko wapi?

Nikajua wamekosea jina. Wapi! Ujerumani hakuna anayekuuliza kama unayo. Kila nyumba inalipa euro 18.36 kwa mwezi kuendesha vituo vya umma, uangalie usiangalie. Nyie mliowahi kuona kodi ya jengo ikikatwa kwenye LUKU yenu ya umeme na hali ni wapangaji mtanielewa upesi. Ila ile ya kwetu hata vocha inaizidi. Hii zidisheni wenyewe.

Walinijuaje? Nilijipeleka mwenyewe. Ukihamia unapewa wiki mbili ukajisajili manispaa, nami nilikwenda siku ya tatu, nikatoka na karatasi yangu nimevimba kichwa kama niliyepata uraia. Kumbe manispaa inapeleka jina lako kwa hao wakusanyaji. Wakaanza kuniandikia, nami nikawa natupa barua zao pamoja na matangazo ya piza. Kwetu nani anaandika barua? Sanduku la posta ni la shule na ofisi, mtu akikudai anakupigia mpaka uzime simu. Barua tatu nilitupa. Ya nne ikaja na deni la miezi saba, na faini ya euro 8 juu.

Kwa hiyo mnaojiandaa kuja, fungueni kila bahasha siku hiyohiyo, hata ikiwa Kijerumani chenu ni cha kuombea maji. Na msidanganywe na hii habari ya kusoma bure. Ada vyuo vingi vya serikali hawatozi, hilo kweli, ingawa jimbo la Baden-Württemberg wanatutoza sisi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini kuna zile euro 11,904 za kuweka kwenye akaunti ya dhamana ndipo upate viza. Ukifika wanakuachia 992 kwa mwezi. Mjomba anapiga hesabu anasema nalipwa milioni mbili na ushee kila mwezi na bado situmi kitu. Mjomba, hiyo hela si mshahara, ni kile kiwanja cha Kihonda mlichokiuza wenyewe! Bima ya afya peke yake inakula zaidi ya euro 100, na kodi ya chumba sijaitaja.

Turudi kwenye barua. Ghorofa ya chini anakaa bibi mmoja ambaye tulianza vibaya. Jumapili moja nilikwenda kutupa chupa tupu kwenye pipa la vioo barabarani. Akafungua dirisha akanifokea kama mwizi wa kuku. Jumapili hapa ni ya kimya, hata chupa haivunjwi. Nikamwona mbaguzi, nikampa jina ambalo sitaliandika.

Basi jana nimekaa kwenye ngazi na barua yangu, akanikuta. Akaipokea bila kuniomba, akavaa miwani, akaniita ndani. Chai hakunipa, wala hakuniuliza habari za nyumbani. Alisoma mstari kwa mstari, akaniuliza swali moja: tunaishi wangapi? Watatu. Akasema malipo ni ya nyumba nzima, siyo ya kila kichwa. Kama mwenzenu mmoja amekwisha kulipa, andika namba yake ya malipo uwatumie. Akanitolea karatasi akaniandikia barua yenyewe kwa mkono, mimi nikatia sahihi. Nikamshukuru kwa kuinama, mazoea. Akanikumbusha kuhusu chupa.

Nikapanda juu kumuuliza dada wa Kijerumani tunayeishi naye. Ndiyo, yeye analipa, mwaka wa tatu sasa. Miezi yote hii ananiona na zile bahasha! Mbona hukuniambia? Akashangaa kweli, bila ubaya wowote.

"Hukuniuliza."

Nikacheka, nikamwambia basi tutaelewana kuhusu sehemu yangu. Kwetu hiyo "tutaelewana" ingeishia kwenye sahani ya pilau. Kabla sijafika chumbani kwangu simu ikalia, ujumbe kutoka kwake ng'ambo ya ukuta: 18.36 gawanya kwa tatu, mara miezi saba, ni euro 42.84. Na namba ya akaunti.

Chupa ya plastiki ukiirudisha dukani wanakupa senti 25. Nimeanza kuzikusanya. Jumatatu hadi Jumamosi.