Siku moja na rola ya maji, Tanga

Saa 1:00 asubuhi. Mtaa wa Ngamiani, kwenye mashine ya kuchapa ya ofseti, unyevu wa bahari umeshapinda kingo za karatasi. Kazi ya kwanza ni kuvua kitambaa cha rola ya maji, ile inayolowesha pleti (bamba lenye picha ya kuchapwa): kimeshiba wino, kimekuwa kigumu na maji hakishiki tena.

Saa 1:40. Kitambaa kipya ni mfuko wa pamba, kinavaa rola kama soksi. Kikate kizidi rola sentimita 3 kila upande, kwa mkasi mkali. Mkasi butu hunyofoa nyuzi. Kivute polepole, mshono usijiviringe. Kunja ncha ndani, funga kwa uzi wa pamba. Mji huu ni wa mkonge na kamba yake haikosekani, ila hapa usiiguse: inamwaga nyuzi kuliko kitambaa chenyewe.

Saa 2:15. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, kisha viringisha rola juu ya karatasi safi. Manyoya meupe yatabaki pale. Badilisha karatasi, rudia mpaka itoke safi. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa kitambaa kipya kinaonekana kisafi. Lawama baadaye huangukia karatasi.

Saa 3:00. Kitambaa kikilowa hubana, kwa hiyo pima upya. Weka vipande viwili vya karatasi kati ya rola na pleti, kushoto na kulia. Ukivivuta vishike sawasawa. Ukikaza mno, rola itasugua pleti na kung'oa nyuzi kutwa nzima.

Saa 4:30. Karatasi mbovu 150 za kujaribia zimepita, sasa jalada la bluu. Mara inatokea alama nyeupe, nyembamba, imejipinda kama kope. Uzi uliolowa maji hukataa wino, ndiyo maana pale hapana rangi. Ganda la wino mkavu ni tofauti: huacha kitone chenye duara jeupe kukizunguka. Alama hii imebaki mahali palepale karatasi kumi mfululizo, basi uzi umenata kwenye pleti au blanketi (mpira unaopokea wino kutoka pleti na kuupeleka kwenye karatasi). Simamisha, futa, endelea.

Saa 6:00. Zimezuka mbili nyingine, mahali tofauti. Kufuta hakutoshi tena: nyuzi zinaelea kwenye trei ya maji. Mwaga, futa trei, tia maji mapya yenye pH karibu 5, yaani asidi kidogo. Rola za wino nazo zioshwe zote, maana uzi ulioingia kwenye wino hurudi na kurudi.

Saa 10:00. Suuza kitambaa kwa maji, bila brashi. Rola ikae kwenye vishikio vyake, isilalie kitambaa.