Mwanga Niliousoma kwa Namba

Nilikwenda Grenoble, Ufaransa, nikiamini nitauona mwanga huo kwa macho. Mwaka 2018 watafiti wa mji huo na wenzao wa Lyon walichapisha kwamba maji yakisukumwa kwa nguvu kwenye mfereji mwembamba, viputo vinavyobomoka humo huifanya luminoli itoe mwanga. Luminoli ni kemikali ileile ambayo polisi hunyunyizia wakitafuta mabaki ya damu. Mimi, mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, kichwani nilishachora uzi wa bluu unaowaka ndani ya kioo.

“Utaona nini, binti yangu?” alinicheka fundi wa maabara, mzee wa Lubumbashi.

Kifaa chenyewe kilikuwa kipande cha silikoni kilichofunikwa kioo. Katikati mfereji unabanwa ghafla, koo lake makumi ya mikromita tu, yaani sehemu za milioni za mita. Maji yakifika hapo yanakimbia, presha inashuka, na yanachemka bila moto. Mbele kidogo presha inarudi na kuviponda vile viputo. Gesi iliyonaswa ndani hupata joto kali kiasi cha kuvunja molekuli za maji, na vipande vyake, hidroksili, ndivyo vinavyoichokoza luminoli.

Mzee alifunika kila kitu kwa kitambaa cheusi, hata taa ndogo ya pampu akaibandika utepe. Kihesabu fotoni, chombo kinachohesabu chembe za mwanga mojamoja, hakikunyamaza. Kumbe hata gizani kina namba zake, na hizo ndizo za kuzishinda. Tukapandisha presha taratibu. Namba zikabaki palepale, palepale, kisha zikapanda. Tukishusha, nazo zinashuka. Nilipiga kelele.

Yeye akaniambia nisafishe mfereji, nipitishe maji yasiyo na luminoli. Nilinuna. Presha ileile, viputo vilevile, lakini namba hazikutoka kwenye zile za giza. Leo ukiniuliza, jaribio hilo la kuchosha ndilo lililonithibitishia kwamba tulichopata ni mwanga wa luminoli. Lile la kwanza lilinifurahisha tu.

Bado nilimwomba nichungulie. Tukarudisha luminoli, tukazima kihesabu, nikakaa jicho kwenye hadubini hadi shingo ikauma. Giza tupu. Nikauliza kama tunaweza kuongeza presha.

“Kioo kitapasuka,” alisema, “na hicho ndicho cha mwisho.”