Kwa Nini Jina la Ndoa Lilistahili Kupiganiwa

Miaka michache iliyopita rafiki yangu wa karibu, Mkenya mwenzangu anayeishi Johannesburg, aliniomba niwe shahidi siku atakapofunga ndoa na mwanamke mwenzake aliyekuwa amekaa naye kwa miaka saba. Harusi ilikuwa ndogo, haikuzidi watu kumi na wawili. Kabla ya viapo, msajili aliwauliza swali ambalo sheria ya Afrika Kusini inamtaka aliulize: je, muungano wenu mnataka ujulikane kama ndoa au kama ushirikiano wa kiraia? Wote wawili walijibu kwa pamoja, tena kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: ndoa. Kisha nikatia sahihi yangu chini ya majina yao.

Nimelitafakari swali lile mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu limebeba historia nzima ya madai ambayo wapenzi wa jinsia moja waliyapeleka mahakamani kwa miaka mingi.

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika kifungu cha 9, inaikataza dola kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, jinsia, ujauzito, dini, ulemavu na mambo mengine yaliyoorodheshwa, na mojawapo ya mambo hayo ni mwelekeo wa kimapenzi. Maneno hayo yalikuwemo tayari katika Katiba ya mpito ya 1993, na hakuna katiba nyingine duniani iliyokuwa imeyaandika kabla yake. Hayakuingia humo kwa bahati. Simon Nkoli, kijana wa Soweto aliyekamatwa mwaka 1984 na kushtakiwa katika kesi ya uhaini ya Delmas pamoja na viongozi wa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, aliwaambia wenzake wazi, akiwa bado gerezani, kwamba yeye ni mwanamume anayewapenda wanaume. Baadhi ya wenzake walitaka atenganishwe nao ili asiwaharibie kesi, baadaye wakamkubali. Mwaka 1990, alipoongoza maandamano ya kwanza ya wapenzi wa jinsia moja mjini Johannesburg, Nkoli alieleza kwamba hawezi kuugawa weusi wake na mapenzi yake yakawa mapambano mawili. Mimi nasadiki kwamba msimamo huo ndio uliowaandaa viongozi wa chama cha ANC kuikubali orodha ile ilipofika mezani.

Lakini kuandikwa kwa haki ni jambo moja na kuipata ni jambo jingine. Mawakili waliofuata waliamua, kwa busara ambayo naiheshimu sana, kutoanza na ndoa. Mwaka 1998 waliiomba Mahakama ya Katiba ifute makosa ya jinai yaliyowafanya wanaume wawili wanaopendana kuwa wahalifu, nayo ikayafuta. Mwaka 1999 wakadai mpenzi aliye raia wa nchi nyingine aruhusiwe kuishi nchini kama anavyoruhusiwa mke au mume. Mwaka 2002 zikafuata kesi mbili, moja ya jaji wa kike aliyetaka mwenzi wake apate mafao yaleyale wanayopata wenzi wa majaji wengine, na nyingine ya wanawake wawili waliotaka kuwaasili watoto kwa pamoja. Kila hukumu ilijengwa juu ya ile iliyoitangulia, haba na haba, hadi ikawa vigumu kwa serikali kueleza kwa nini watu wanaotambuliwa katika uhamiaji, katika pensheni na katika malezi ya watoto wasitambuliwe katika jambo ambalo hayo yote hutokana nalo.

Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wanawake wawili waliotaka kufunga ndoa, walikuwa wamekaa pamoja tangu 1994. Walipokwenda Mahakama Kuu ya Pretoria, maombi yao yalikataliwa mwaka 2002. Wakakata rufaa, na tarehe 30 Novemba 2004 Mahakama Kuu ya Rufaa ikatoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Edwin Cameron, ikisema kwamba maana ya ndoa katika sheria zilizorithiwa tangu zamani, zile ambazo Bunge halikuziandika, sasa iwajumuishe watu wawili wa jinsia moja. Hata hivyo walitoka mahakamani wakiwa washindi wasioweza kufunga ndoa mbele ya msajili wa serikali, kwani Sheria ya Ndoa ya 1961 iliweka maneno ya kiapo ambayo yaliwataja mume na mke peke yao, na wao hawakuwa wameyapinga maneno hayo katika maombi yao. Maneno machache ya fomula ya kiapo yalitosha kuizuia haki iliyotangazwa na majaji.

Mahakama ya Katiba iliisikiliza kesi hiyo mwezi Mei 2005, katika jengo lililosimama mahali palipokuwa gereza, ambalo baadhi ya matofali yake yalitoka katika sehemu walimokaa mahabusu. Hukumu ilitolewa tarehe 1 Desemba 2005. Iliandikwa na Jaji Albie Sachs, mwanamume aliyepoteza mkono na uwezo wa kuona kwa jicho moja katika mlipuko wa bomu mjini Maputo mwaka 1988. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Kwa hoja kwamba ndoa ipo kwa ajili ya kuzaa, alijibu kuwa hoja hiyo inawadhalilisha wasiojaliwa watoto, waliooana uzeeni na wanaolea watoto wa kuasili. Kwa hoja ya dini alijibu kwa heshima, akisisitiza kwamba hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa kufungisha ndoa iliyo kinyume cha imani yake, lakini pia kwamba imani ya baadhi ya watu haiwezi kuwa kipimo cha haki ambazo Katiba imewapa watu wengine. Mimi nimelelewa kanisani na bado naenda, na sijaona popote katika hukumu hiyo kanisa langu lilipopokonywa kitu.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile inayolionya Bunge lisiwatengee watu hawa utaratibu wa pembeni. Nchi iliyokuwa na mabenchi, shule na fukwe za weupe peke yao ilijua vizuri maana ya kuambiwa kwamba chako kipo, ila kiko upande ule mwingine. Bunge lilipewa miezi kumi na miwili kurekebisha sheria; likishindwa, maneno "au mwenzi" yangejiongeza yenyewe katika kiapo cha 1961. Jaji Kate O'Regan peke yake alitaka nafuu hiyo ianze mara moja, na mimi naona alikuwa na haki, kwa sababu mwaka mmoja si muda mfupi kwa watu ambao wamekwisha kungoja zaidi ya kumi.

Muswada wa kwanza wa serikali ulifanya hasa lile ambalo mahakama ilionya dhidi yake: uliwatengenezea wapenzi wa jinsia moja kitu kilichoitwa ushirikiano, na kuwanyima jina la ndoa. Ulibadilishwa kabla ya kupigiwa kura, na tarehe 14 Novemba 2006 wabunge wapatao 230 waliukubali, 41 wakaukataa. Sheria ilianza kutumika tarehe 30 Novemba, miaka minane kamili tangu Nkoli alipofariki. Ilibaki na dosari, maana iliwaruhusu wasajili walio watumishi wa umma kukataa kuwahudumia wapenzi hao kwa sababu ya dhamiri zao, na ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2020 tu.

Kwetu Kenya hali ni tofauti kwa sababu ya maandishi yenyewe. Ibara ya 45 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti na yake, na wakili hawezi kuipita ibara hiyo kwa ufasaha wa maneno. Hata hivyo, Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba kuinyima usajili jumuiya inayotetea watu hawa ni ubaguzi, na kwamba neno jinsia katika ibara ya 27 linaubeba pia mwelekeo wa kimapenzi. Kesi hiyo ilichukua miaka kumi, na ilihusu haki ya kusajili jumuiya tu.

Rafiki yangu na mkewe huja nyumbani kila Desemba. Cheti chao hukiacha Johannesburg, ndani ya droo. Ndege ikishatua Nairobi wanakuwa marafiki wawili wanaosafiri pamoja, na pale fomu inapouliza hali ya ndoa, yeye huandika kwamba hajaolewa.