Kuifuata sumukuvu kutoka guniani hadi kwenye maziwa

Utafiti wangu wa uzamili ulihusu aflatoksini, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, katika maziwa ya ng'ombe wanaofugwa zizini pande za Dagoretti na Uthiru, Nairobi. Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini B1, ini lake hugeuza sehemu ya sumu hiyo kuwa M1, nayo huonekana kwenye maziwa ndani ya saa 12 hadi 24. Kuyachemsha hakuiondoi. Wanaokunywa maziwa kwa wingi ni watoto, na hilo lilitosha kunifanya niishike kazi hii. Isitoshe, mwaka 2004 watu 317 waliugua nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyohiyo, na 125 wakafa.

Kupima maziwa si kazi kubwa. Kazi ni kujua sumu imetoka wapi, maana mfugaji wa Nairobi halishi kitu kimoja. Leo ni pumba za mahindi na mashudu ya pamba, kesho ni machicha ya bia, na nyasi za nepia zikikatika kando ya barabara zinaongezwa. Chakula cha dukani hununuliwa kwa kilo, kikaisha kabla ya wiki. Kwa hiyo kwenda dukani kuchukua sampuli, halafu kuilinganisha na maziwa ya zizi fulani, kulikuwa kubahatisha. Nilipanga kazi yangu kwa kufuata saa za ng'ombe: jioni nachukua chakula kilekile kinachowekwa horini, kesho yake asubuhi nachukua maziwa ya ng'ombe huyohuyo.

Hapo ndipo nilipohitaji kuaminiwa. Barua ya chuo na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, nilikuwa navyo, lakini vilisaidia kidogo. Swali la kwanza lilikuwa, "Wewe ni wa kaunti?" Watu waliogopa kufungiwa zizi au kukataliwa maziwa. Niliahidi mambo mawili: jina la mtu halitaandikwa kwenye chupa, namba tu, na majibu yatafika kwake kabla hayajafika kwa mtu mwingine. Niliyapeleka kwa mkono. Baada ya wafugaji wa kwanza kuyapata, jirani zao wakaanza kuniita wenyewe.

Sasa gunia. Kuvu haisambai sawasawa; punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na kiganja cha juu kikawa safi kabisa. Nilitumia bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka guniani, nikichoma gunia juu, katikati, chini na pembeni, hasa upande uliogusa sakafu ya saruji, maana unyevu huanzia hapo. Nilimwaga yote kwenye turubai, nikachanganya, nikagawa mafungu manne, nikabakiza mawili yanayokabiliana, nikachanganya tena, mpaka kikabaki cha kujaza mfuko mmoja. Kisha kusaga, ndipo kupima. Naamini kabisa kwamba ubora wa utafiti wa aina hii huamuliwa kwenye turubai lile kabla mtu hajavaa koti jeupe.

Maabarani, Kabete, nilitumia ELISA, kipimo kinachoonyesha sumu kwa rangi kwenye sahani yenye vijishimo. Maziwa huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka mafuta yapande juu, unayaondoa, unapima yaliyobaki chini. Tone la mwisho la asidi likiingia, rangi ya buluu hugeuka njano papo hapo. Njano iliyokolea ni habari njema. Kijishimo kilichopauka ndicho chenye sumu.

Zizi moja la Waithaka lilipauka asubuhi tatu mfululizo, juu ya kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, cha mikrogramu 0.5 kwa kilo. Ulaya wanaruhusu 0.05 tu. Chakula cha dukani pale kilikuwa safi. Sumu ilitoka kwenye pipa la mahindi yaliyooza, ambayo mama mwenye zizi alikuwa akiyasaga na kuongezea jioni.

"Daktari, si nitawapa kuku basi?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ndege nao inawadhuru." Nikamweleza kwamba sumu hii ilijulikana kwa ajili ya ndege: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Tuliyachimbia shimo mbali na zizi. Yalikuwa mahindi aliyoyalipia, na kuyafukia kulimuuma. Nami sikuona namna ya kumpunguzia hilo. Mwanawe aligonga mbao, magunia yakainuliwa kutoka sakafuni.

M1 hupungua haraka chanzo kikiondolewa. Nilirudi wiki iliyofuata na chupa zangu, maziwa ya ng'ombe wake wote yakawa chini ya 0.5. Mwezi huohuo aliomba nimpimie pumba za muuzaji mpya kabla hajalipa, na tangu hapo wafugaji kadhaa wa mtaa wake hununua hivyo: kwanza bambo, kisha pesa.