Siku yangu maabara, Tanga: gramu 21.2 zilizonidanganya

Saa 12:15 asubuhi. Natoka Makorora na baiskeli, vitumbua viwili mfukoni. Mimi ni fundi wa maabara kwenye sekondari moja hapa Tanga. Leo Kidato cha Nne wana vitendo vya kemia saa 7 mchana, na hakuna hata tone lililoandaliwa.

Saa 1:40. Naanza na asidi hidrokloriki. Lebo ya chupa inasema asilimia 37. Hiyo ni kwa uzito, si kwa ujazo. Hapo ndipo wengi huteleza. Lita moja ya chupa ile ina uzito wa gramu kama 1,180. Asilimia 37 yake ni gramu 436.6 za asidi yenyewe. Gawa kwa 36.5, gramu za moli moja (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali), unapata moli 12 hivi. Mimi nataka lita mbili za molari 0.2, yaani moli 0.2 kwa kila lita, jumla moli 0.4 tu. Basi napima mililita 33 na kidogo, namimina taratibu kwenye maji. Asidi ndiyo huingia kwenye maji. Ukigeuza, inaweza kuchemka na kukurukia usoni.

Saa 3. Sodiamu kaboneti, lita mbili za molari 0.1. Moli moja ni gramu 106, nahitaji moli 0.2, kwa hiyo gramu 21.2. Mizani yetu hucheza feni ikiwa inazunguka, nazima feni, jasho linanitiririka. Napima, nayeyusha, najaza maji hadi alama. Najisifu kimoyomoyo.

Saa 4:30. Chai.

Saa 5. Siwapi watoto kitu nisichokijaribu. Pipeti, mililita 25 za kaboneti, matone mawili ya methili oranji, ile rangi inayogeuka asidi ikishaimaliza kaboneti, na juu bureti, mrija wenye vipimo, imejaa asidi. Moli moja ya kaboneti hula moli mbili za asidi, na asidi yangu ina molari mara mbili, basi nategemea rangi igeuke kwenye mililita 25. Imegeuka kwenye 9.3! Narudia: 9.2. Nakagua bureti, labda inavuja. Wapi.

Mwalimu wa kemia akapita. "Dada, hebu nione kopo ulilochotea."

Nikampa. Lebo imeliwa na unyevu wa bahari, limebaki neno "kaboneti" tu. Akatikisa kopo, likalia kama changarawe.

"Huu si unga, dada. Hizi ni chenga."

Nikaishiwa nguvu. Kaboneti ya chenga hubeba molekuli 10 za maji, na moli yake ni gramu 286, si 106 za ule unga usio na maji. Karibu theluthi mbili ya nilichopima kwa makini vile ilikuwa maji! Myeyusho wangu ulikuwa na molari 0.037.

Kuongeza chenga kwenye chupa iliyojaa hadi alama hakufai, ujazo utapita. Nimemwaga, nimepima gramu 57.2, nimeanza upya.

Saa 6:40. Bureti inasoma 24.9. Alhamdulillahi.

Saa 7. Vitendo vimekwenda. Binti mmoja kaniuliza, "Madam, kwa nini tusiseme tu myeyusho umekolea, bila namba?" Nikamkumbusha juisi ya ukwaju ya pale getini: saa 4 tamu, saa 8 barafu imeshayeyuka, sukari ile ile, maji yameongezeka. Akacheka, "Na bei haishuki!"

Saa 9:30. Nimeosha bureti zote. Lile kopo nimeliandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: 286, LINA MAJI.