Kumbukumbu ya mradi: kurudisha mafaili ya usanidi kwenye ruta ya video ya zamani

Mtambo wenyewe ni ruta ya video ya matangazo, siyo ruta ya intaneti. Ina njia 32 za kuingiza na 32 za kutoa, SDI (video ya dijitali kwenye kebo) ya kizamani ya megabiti 270 kwa sekunde. Nyuma yake ni safu juu ya safu ya matundu ya BNC ya kuchomekea kebo za video, na ndani kuna makutano 1,024, moja kwa kila inputi na autiputi. Inputi yoyote inaweza kupelekwa kwenye autiputi yoyote, hata zote 32 kwa wakati mmoja. Ilikuja kwenye kontena la mitumba kutoka Marekani pamoja na kidhibiti chake na paneli mbili za vitufe. Muuzaji aliiwasha, akaona paneli zinaonyesha vistari vitupu, akaamua imekufa. Mimi nikaichukua kwa bei ya chuma chakavu.

Haikuwa imekufa. Nilichomeka kamera nyuma, nikahamisha monita kutoka tundu moja hadi jingine, na kwenye baadhi ya matundu picha ikatoka safi kabisa. Fremu ya ruta, yaani sanduku lenyewe lenye matundu, haijui jina la kitu chochote. Inachojua ni namba: autiputi ya 5 inachukua kutoka inputi ya 12, basi. Majina yote, mpangilio wa vitufe, nani anaruhusiwa kugusa nini, sauti ifuate picha au iende kivyake, vyote hivyo vinakaa kwenye kidhibiti. Kidhibiti kikipoteza mafaili yake, fremu huendelea kupitisha picha vilevile ilivyoachwa, ila hakuna wa kuiagiza. Kituoni hitilafu ya namna hii huweza kukaa saa nyingi bila kujulikana. Matangazo yako hewani, hakuna anayelalamika, mpaka mtu wa chumba cha mitambo abonyeze kitufe cha kamera ya pili na kusiwe na kitu.

Kadi

Kidhibiti ni kompyuta ndogo ya viwandani inayotumia DOS, mfumo endeshi wa zamani, na mahali pa diski pana kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash. Betri ya saa, ile CR2032 ya mviringo, ilikuwa imeisha siku nyingi. Kwenye kompyuta za umri huu betri ikiisha hupotea zaidi ya saa: BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, inasahau pia vipimo vya diski. Inaisoma kadi kwa vipimo visivyo vyake, haikuti mwanzo wa mfumo, inagoma kuwaka. Data iko palepale. Ni hapa ambapo mtu mwenye haraka huifomati kadi, na kazi yote ya fundi aliyemtangulia inakwenda na maji.

Kwa hiyo kadi ilitoka kabla ya jambo lingine lolote, ikasomwa kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye kasoro, kwenye kompyuta ya Linux. Naipenda programu hii kuliko dd ya kawaida kwa sababu inachukua kwanza sehemu zinazosomeka bila taabu, kisha inarudi kuzing'ang'ania zile mbovu, na muda wote inaandika ramani ya ilipofikia. Umeme ukikatika, na mtaani kwetu hukatika, unaendelea pale ulipoachia. Kadi yangu ilikuwa na sekta chache zilizokataa katakata, lakini zote zilikuwa kwenye eneo tupu. Tangu hapo kadi ya asili imelala kwenye bahasha, na kazi zote nazifanya kwenye nakala ya nakala.

Kilichokuwamo

Mafaili yenye majina ya herufi nane na kiambishi cha herufi tatu, kama DOS ilivyotaka. Mengi ni maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa majedwali: moja la vyanzo, moja la vifikio, moja la tabaka za picha na sauti, moja kwa kila paneli, moja la milango ya siriali. Halafu kuna faili moja lisilosomeka kwa macho, lenye tarehe ya karibuni kuliko mengine yote.

Hilo la mwisho ndilo lililonichukulia muda, na ndilo lililobadilisha mradi mzima. Nililinganisha baiti zake na njia nilizokuta wazi kwenye fremu siku ya kwanza. Ni rekodi ya makutano: kila autiputi na inputi iliyokuwa inaichukua. Kwa maneno mengine si usanidi hata kidogo. Ni hali.

Tofauti hii naiona kubwa kuliko vitabu vya mitambo vinavyoipa nafasi. Usanidi ni kile fundi alichokiamua: tundu hili linaitwa KAMERA 1, kitufe hiki kinafanya hivi, paneli ile isiguse njia ya kurushia. Hali ni kile mtambo ulichokuwa ukifanya dakika ile nakala ilipochukuliwa. Sasa chukua nakala rudufu iliyotengenezwa saa tisa usiku, wakati mafundi wamepeleka mistari ya rangi za majaribio kwenye njia kuu. Irudishe yote kwa pamoja saa mbili usiku, taarifa ya habari ikiwa hewani. Majina yatarudi vizuri sana, na nchi nzima itatazama mistari ya rangi. Mimi sina kituo na sirushi popote zaidi ya sebuleni, lakini kuanzia hapo mradi una folda mbili, USANIDI na HALI, na hakuna amri inayorudisha zote mbili kwa mpigo.

Kuiuliza fremu yenyewe

Kama hali ya kweli iko kwenye fremu, haina haja ya kuaminiwa kutoka kwenye faili. Inaulizwa. Mtambo huu unaelewa SW-P-08, lugha iliyobuniwa na Pro-Bel wa Uingereza kisha ikachukuliwa na watengenezaji wengine wengi. Inapita kwenye RS-422, aina ya mlango wa siriali, kwa kasi ya biti 38,400 kwa sekunde, biti nane, bila pariti, yaani biti ya ziada ya kuhakiki. Angalizo kwa anayejaribu: mashine za kanda za Sony hutumia tundu lilelile la pini tisa na kasi ileile, ila zenyewe zina pariti witiri. Ukitumia programu ya mashine ya kanda hapa utapata takataka, na utadhani waya umekosewa.

Kuuliza autiputi ya kwanza inatoka wapi, ujumbe, kwa baiti za heksa (hesabu ya kumi na sita), ni huu:

10 02 01 00 00 00 04 FB 10 03

Mwanzo ni 10 02, mwisho ni 10 03. Katikati, 01 ni swali, sufuri zinazofuata ni tabaka na namba ya autiputi, 04 ni idadi ya baiti za swali, na FB ni ya kuhakiki: jumlisha vyote vya katikati pamoja nayo, baiti ya chini ya jibu lazima iwe 00. Namba zinaanzia sufuri, kwa hiyo autiputi inayoitwa 1 kwenye paneli hapa ni 0.

Utamu uko kwenye autiputi ya 17. Kwa hesabu ya kuanzia sufuri hiyo ni 16, na 16 kwa mfumo wa heksa huandikwa 10, baiti ileile inayofungua na kufunga ujumbe. Ndiyo sababu ikitokea ndani ya data ni lazima iandikwe mara mbili:

10 02 01 00 00 10 10 04 EB 10 03

Ile nyongeza haihesabiwi kwenye 04 wala kwenye jumla ya kuhakiki. Ukiona programu ya mtu inafanya kazi kwenye njia zote isipokuwa ya 17, usihangaike na kebo. Na jibu likileta inputi ya 17, mchezo ni uleule kwa upande wa kusoma.

Skripti yangu ya Python sasa inauliza autiputi zote 32, inaandika jibu kwenye faili la maandishi lenye tarehe, na ina amri ya pili ya kulinganisha mafaili mawili bila kugusa fremu. Ya kurudisha hali ipo, lakini inataka uandike namba ya kila autiputi unayoitaka. Nimeiacha iwe ya kuchosha kwa makusudi.

Majina ya watu wengine

Kidhibiti kiliwaka baada ya betri mpya na vipimo vya kadi kuingizwa BIOS kwa mkono. Paneli zikajaa majina ya kituo cha watu: VTR 1 hadi VTR 6 ambazo ni mashine za kanda, SAT 3 ya setilaiti, WX ambayo ni kompyuta ya hali ya hewa. Nyuma ya fremu yangu kuna kamera mbili, king'amuzi kilichopitia kibadilishi cha SDI, na kicheza DVD.

Mpwa wangu, aliyekuwa ameshika tochi nyuma ya raki, akauliza, "Mjomba, si ungefuta yote uandike upya?"

"Ningefuta, mjomba, kama ningejua kila safu ina maana gani."

Hayo majedwali ya zamani ndiyo mwalimu pekee niliye naye, maana kitabu cha mtambo hakikuja na kontena. Kuna safu ya tarakimu moja mwishoni mwa kila kifikio. Kwa kulinganisha mistari nimeona ni ya kufunga njia, 1 kwa zile ambazo paneli ya pili hairuhusiwi kugusa. Ningeandika upya kutoka sifuri, safu hiyo ningeijaza sufuri na nisingejua nimepoteza nini. Kwa hiyo nabadilisha majina tu. Mpwa anachomeka kamera tundu moja baada ya jingine na kutaja namba kwa sauti, mimi nahakikisha kwenye monita kabla ya kuandika. Hakuna jina linaloingia kwa kuaminiwa karatasi iliyobandikwa kwenye kebo.

Jambo moja dogo linalokwamisha wengi: DOS humaliza kila mstari kwa herufi mbili, Linux kwa moja. Kidhibiti hiki kikikuta mstari ulioishia kwa herufi moja kinalisoma jedwali zima kama mstari mmoja mrefu na kuonyesha chanzo kimoja tu. Skripti inarekebisha hilo kabla ya kunakili kwenye kadi.

Kuruka kwa picha

Majina yalipokaa sawa, kila kubadilisha kamera kulifanya picha iruke. Faili la mfumo lilikuwa bado Marekani: mistari 525 kwa kila picha. Ruta hubadilisha njia ndani ya kipindi kifupi kati ya picha na picha, mahali ambapo mtazamaji haoni kitu, na pendekezo la SMPTE (chama cha wahandisi wa filamu na televisheni), RP 168, linataja mstari wenyewe: wa 10 kwa mfumo wa 525, wa 6 kwa mfumo wa 625 tunaotumia huku. Nimebadilisha neno moja kwenye faili, nimeipa fremu ishara ya rejea ya PAL (mfumo wetu wa 625), inayoongoza vifaa viende kwa mpigo mmoja, kutoka jenereta ndogo, na kamera zote mbili nimezifunga kwenye ishara hiyohiyo. Mruko umeisha. King'amuzi na DVD bado vinaruka, na vitaendelea kuruka, kwa kuwa havina pa kupokea rejea.

Ilipofikia

Jaribio ninaloliamini ni kuchomoa waya wa umeme. Kidhibiti kinaweza kuonyesha majina mapya kikiwa kinayasoma kutoka kwenye kumbukumbu ya muda tu, bila kuyaandika kwenye kadi. Nimechomoa, nimesubiri, nimerudisha: majina yapo, paneli zimepokea mipangilio yake, na faili la hali kabla na baada halina tofauti hata autiputi moja.

Bado kuna jedwali la salvo, kile kitufe kimoja kinachobadilisha autiputi nyingi kwa pamoja. Linaelekea kutaja vyanzo kwa namba na si kwa majina, hivyo salvo za Wamarekani zinaweza kuwa hai bado, zikielekeza VTR zao kwenye matundu yangu. Nimeziba vitufe hivyo kwa utepe mweusi mpaka nilisome lote. Tabaka la sauti sijaligusa. Kadi zake mbili kati ya nne hazimo kwenye fremu, na bado nazitafuta.