Mlango wa Mama uko kushoto

Nimerudi nyumbani baada ya miaka 11, na siku ya kwanza tu nimegonga ukuta. Niliingia ndani, nikakata kulia kwenda chumbani kwa Mama. Kulia hakuna mlango. Mama alikuwa nyuma yangu. "Mwanangu, ni huku," akasema, akanishika mkono kama anavyoongozwa mgeni.

Nilidhani wamebadilisha nyumba. Wala. Usiku nikatoa picha niliyoishi nayo ughaibuni, ya Mama amesimama mlangoni pake, nikailinganisha na korido. Picha imegeuka. Kulia kwake ndiko kushoto kwa nyumba.

Mliowahi kushika filamu mtaelewa upesi. Negativu, yaani kile kipande cha filamu picha inakotolewa, ina upande unaong'aa na upande uliofifia, wenye dawa. Ukiilaza kinyume kwenye skana, picha hutoka kama ya kwenye kioo. Ndivyo nilivyofanya mwaka wangu wa kwanza ugenini.

Kosa la skana halinisumbui sana. Kinachoniuma ni kwamba nilizaliwa nyumba hii, miguu yangu iliijua gizani, halafu kipande cha karatasi kikanifuta ujuzi huo wote nisihisi chochote. Nikimkumbuka Mama akitoka chumbani, anatokea kulia. Nikiota, kulia. Na Mama ni wa mkono wa kushoto! Kwenye picha ameshika kitasa kwa mkono wa kulia. Nimeitazama miaka yote hiyo, mimi ambaye kazi yangu ni kutazama.

Tena kazi yenyewe ni hii hii. Napiga picha watu waliohama, nawauliza kwao kukoje, nao wananitolea picha walizobeba. Zote nilizipokea kama ushahidi. Sasa sijui nilipokea nini.

Nilikuwa nikijipa moyo kwa Robert Frank, Mswisi aliyezunguka Marekani mwaka 1955 na 1956, akapiga picha zipatazo 28,000, kitabuni zikaingia 83. Nilisema mgeni huona asichokiona mwenyeji. Sawa, lakini Frank hakuwa akitafuta chumba cha mama yake. Siku hizi namuwaza zaidi mpiga picha mwingine, Josef Koudelka, aliyeondoka kwao Chekoslovakia mwaka 1970 na kurudi 1990. Miguu yake ilikata wapi siku ile?

Wewe unayejiandaa kurudi, kamera iache begini wiki ya kwanza. Ipite nyumba usiku bila taa, uone mwili unakumbuka nini kabla macho hayajaingilia. Nyuma ya kila picha andika ni nani, ni wapi, dirisha liko upande gani. Negativu usitupe hata moja. Usiponisikiliza, utakuja kulilia kwenye korido kama mimi.

Jana niliiskani upya, safari hii sawasawa, nikampa Mama zote mbili. Iliyo sahihi ameirudisha. Anasema huyo hamjui. Yule mwingine ndiye anayemwona kila asubuhi kwenye kioo.